Msitu wa Kijiji: Maswali Yenu kuhusu Miche, Visiki na Mipaka

Kila halmashauri Tanzania Bara ina lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka, na barua nyingi zilizotufikia zinahusu yale yanayotokea baada ya miti hiyo kupandwa. Tumechagua zenye jambo la kuwafaa wengi, na tumezifupisha kidogo.

Mwaka jana halmashauri ilituletea miche 2,000 ya mijohoro, miarobaini na mikaratusi. Tuliipanda tarehe 1 Aprili, mgeni rasmi akiwepo, na wanafunzi wa shule zetu mbili walishiriki. Kufika Oktoba haikubaki hata mia. Sasa tumeambiwa tunaletewa mingine. Tulikosea wapi?
*Mtendaji wa kijiji, Kishapu*

Kosa kubwa ni tarehe. Mijohoro na miarobaini ni miti mikaidi kwa ukame. Ukiona hata hiyo imekauka, usilaumu aina ya mti. Kwenu mvua huanza Novemba, na Aprili ikiisha nazo zimekata. Mche uliopandwa tarehe 1 Aprili unapata wiki nne hivi za unyevu, kisha unaingia miezi ya jua kali mizizi yake ikiwa bado haijatoka nje ya shimo. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, hiyo ya 1 Aprili, ni ya kuhamasisha, na kwa Tanga au Pwani inaangukia masika, hivyo inafaa hata kupanda. Kwa Shinyanga, Singida na Dodoma ingekuwa heri iwe siku ya kuhesabu miche iliyopona na kuipalilia, mgeni rasmi akabidhiwe jembe. Ninyi pandeni Desemba, mvua zikishakolea. Namna ya kupima: baada ya mvua kubwa mbili au tatu, chimba pembeni ya shimo. Udongo ukiwa mbichi hadi sentimita 30 kwenda chini, panda. Ubichi ukiishia sentimita 10, subirini.

Mashimo yachimbwe Septemba au Oktoba, kabla watu hawajaingia kwenye kilimo. Sentimita 45 kila upande na kina hichohicho zinatosha. Udongo wa juu uwekwe kushoto, wa chini kulia. Wakati wa kufukia, ule wa juu uchanganywe na nusu ndoo ya samadi iliyooza na utangulie kuingia. Samadi mbichi huunguza mizizi. Shimo lisijae hadi juu, liache kibonde cha sentimita 5, na upande wa chini wa mteremko mweke tuta la nusu mwezi lenye upana wa mita 2 hivi ili maji yanayopita yasimame kwa mche. Lakini kama eneo lina udongo wa mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi, fanyeni kinyume: pandeni juu ya kituta, kwa kuwa maji yakituama siku kadhaa mizizi inaoza. Huko mbugani migunga ya kwenu itafanya vizuri kuliko mkaratusi wowote.

Kabla ya kupokea mzigo mpya, ng'oeni miche kumi iliyokufa mkaitazame. Ukikuta kiriba, ule mfuko wa plastiki wa kuoteshea mche, bado kimeuzunguka mzizi, upandaji ulikuwa wa haraka; kiriba huchanwa kwa wembe ubavuni na chini, kikaondolewa chote. Ukikuta mizizi imejizungusha na kusokotana chini, kosa ni la kitaluni: miche ilikaa mno bila kupunguzwa mizizi, na hiyo hata ukiimwagilia itaanguka baadaye. Gome limelika usawa wa ardhi na kuna vijia vya udongo mkavu, huyo ni mchwa. Msirundike matandazo hadi kugusa shina, acheni nafasi ya kiganja. Shina limekatwa juu na matawi yamegugunwa, basi ni mbuzi, na hapo dawa haiko shimoni, iko kwenye mkutano wa kijiji.

Tena, miche 2,000 ni mingi kuliko mnavyoweza kuilea. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, ekari moja inachukua miche 450. Ombeni hiyo tu, muigawe kwa kaya au vitongoji vyenye wajibu unaojulikana, muizungushie miiba, na mpalilie kisahani cha nusu mita kuzunguka kila mche mara mbili mwaka wa kwanza. Fomu ya halmashauri huuliza miti iliyopandwa. Ongezeni safu yenu wenyewe: iliyo hai mwezi Novemba. Diwani akiizoea hiyo, ataanza kuiuliza kwa vijiji vingine.

Kijiji chetu kina ekari 60 zilizomalizwa na wachoma mkaa. Wengine wanataka tuandike barua ya kuomba miche, wengine wanasema visiki vitachipua vyenyewe. Tumwamini nani?
*Mjumbe wa kamati ya mazingira, Kongwa*

Waaminini wa visiki, ila hapo kwenye "vyenyewe" wamekosea. Kisiki kilichoachwa tu kinatoa machipukizi ishirini yanayogombania maji, mbuzi wanayapunguza kila mwaka, na baada ya miaka kumi bado ni kichaka cha kufika kiunoni. Kazi ya kukigeuza kichaka hicho kuwa mti ndiyo inayoitwa kisiki hai, na Dodoma imekwisha kuenea. Mbinu hii ilipata umaarufu Niger kuanzia 1983, kupitia kazi ya Tony Rinaudo pamoja na wakulima wa huko, na inakadiriwa kuwa hekta milioni 5 za nchi hiyo zimerudisha miti kwa njia hii, karibu bila kitalu.

Kwanza hesabuni. Pimeni mraba wa mita 20 kwa 20, ambao ni karibu sehemu ya kumi ya ekari, mhesabu visiki vyenye uhai. Rudieni sehemu tano au sita tofauti. Mkipata wastani wa visiki vitano au zaidi kwa mraba, mna visiki 50 na ushei kwa ekari, na hapo kununua miche ni kutupa fedha.

Kisha kila kisiki kichaguliwe machipukizi matatu hadi matano yaliyonyooka, manene, yaliyotoka chini karibu na ardhi. Yale ya juu ya kisiki huvunjika kwa upepo kwa sababu yameshikwa na gome tu. Mengine yote yakatwe kwa panga kali, mkato uanzie chini kwenda juu ili gome lisichanike. Katika yale yaliyobaki, matawi ya pembeni yaondolewe hadi nusu ya urefu, yasizidi hapo. Ukipandisha zaidi unauacha mti na kichwa kidogo kisichoweza kulisha mizizi. Fungeni utepe wa kitambaa kila kisiki kilichohudumiwa, ili mchungaji na mkata kuni wajue kina mwenyewe. Rudini baada ya miezi mitatu hadi sita kupunguza machipukizi mapya. Kuanzia mwaka wa pili punguzeni shina moja moja, mkipata fito na kuni, hadi libaki moja au mawili. Kosa la kawaida ni kubakiza shina moja siku ya kwanza: likivunjwa na ng'ombe, kazi yote imepotea.

Kinachofanya hili liende haraka ni mzizi. Mche wa kitaluni unashuka na mzizi wa kiganja kimoja, wakati kisiki kina mfumo wa mizizi wa mti mzima uliokwisha kufika kwenye maji. Na kwa upande wa bayoanuwai kuna faida kubwa zaidi: mnarudisha miti ileile iliyozoeana na nyuki, ndege na uyoga wa mahali penu, ikiwemo ambayo hakuna kitalu kinachoiotesha.

Malisho msiyasahau. Fungeni ekari 20 kwa misimu miwili au mitatu, mwache 40 wazi, kisha mbadilishane. Nyasi za ndani zikatwe na kubebwa. Usukumani utaratibu huu ni wa kale, ndio ngitili. Shinyanga ilipoteza misitu yake kwa kampeni za kufyeka ili kuua mbung'o na baadaye kwa mashamba ya pamba. Chini ya mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), kati ya 1986 na 2004, ngitili zilirudi katika eneo linalokadiriwa kupita hekta 300,000, na waliozilinda walikuwa wanavijiji kupitia dagashida, yaani baraza la jadi la Wasukuma, na sungusungu. Kwa moto, fyekeni barabara ya mita 5 kuzunguka eneo mwezi Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na ubichi. Agosti mtakuwa mmechelewa.

Miche ombeni ya aina zilizopotea kabisa, 50 kwa ekari, ipandwe kwenye mapengo.

Halmashauri inatoa miche bure ya mikaratusi na mitiki. Sisi tunataka msitu wa kulinda chemchemi yetu, ndege na nyuki warudi. Tupande nini?
*Kikundi cha wanawake, Mvomero*

Mikaratusi msiipande kwenye chemchemi hata mkipewa na fedha juu. Inakunywa sana na chini yake huota kidogo. Lakini msiikatae kabisa: robo ekari ya mikaratusi mbali na maji, kwa ajili ya kuni na nguzo, itapunguza panga kwenye msitu wenyewe. Kumbukeni pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka mto au ziwa. Tumieni umbali huohuo kwa chemchemi yenu, na ikiwa kuna bustani za mboga humo, zungumzeni na wenyewe kabla ya kupeleka mche wa kwanza.

Anzeni na mkuyu. Hauhitaji kitalu: kateni vipande vya matawi vya unene wa mkono na urefu wa mita 1.5, mwanzo wa mvua, mvichimbie theluthi moja ardhini palipo na ubichi, ncha ya chini ikiwa chini kweli. Mkuyu ukianza kuzaa, ndege na popo watafuata matunda, na kila anayekuja anaacha mbegu za miti mingine kutoka tumboni. Baada ya miaka michache mtakuta miche ambayo hakuna aliyeipanda. Ongezeni mizambarau mwitu, mikwaju pembezoni, na mikole kwa ajili ya maua ya nyuki na matunda ya watoto.

Mvule na mkangazi mkipata ni bahati, ila msiipande kwa wingi pamoja. Mvule ukiwa peke yake shambani hushambuliwa na mdudu anayefanya machipukizi yavimbe na kuoza. Mkangazi hutobolewa ncha na funza, shina likagawanyika. Tawanyeni, mti mmoja kwa kila kumi, katikati ya aina nyingine na kwenye kivuli chepesi. Hapo mdudu anapata shida kuufikia.

Neno "asili" lina mtego wake. Mhesi ni wa asili kule Kagera, lakini ulipopelekwa Amani, Usambara Mashariki, ulisambazwa na hondohondo hadi ukawa kero ndani ya msitu wa hifadhi. Nchini Kenya mathenge, mti wa miiba wa kigeni, uliletwa kuokoa ardhi kavu ya Baringo, ukaziba malisho mpaka wananchi wakaipeleka serikali mahakamani mwaka 2006. Kwa hiyo tembeeni kwenye msitu wa asili ulio karibu nanyi, andikeni aina 15 hadi 20 mnazozikuta kwenye mabonde yanayofanana na lenu, wazee wawape majina ya kienyeji, na orodha hiyo ndiyo mumpelekee ofisa misitu. Ukikuta gogo limeanguka lenyewe, liacheni lioze hapo.

Tunaotesha mininga kitaluni. Kila kiangazi mashina yanakauka mpaka chini, tunaitupa. Tatizo ni maji?
*Kikundi cha vijana, Urambo*

Msiitupe! Ndivyo mninga ulivyo. Kwa miaka kadhaa ya mwanzo shina hukauka kila kiangazi wakati mti unajenga mzizi chini, kisha mvua zikirudi unachipua tena. Siku mzizi ukitosha, shina linapanda moja kwa moja. Kwa sababu hiyo mninga haupendi maisha ya kiriba; panda mbegu moja kwa moja shambani, mbili au tatu kila shimo, uweke kijiti cha alama ili mpaliliaji asiufyeke akidhani ni nyasi. Mbegu itolewe kwenye ganda lake la miiba na kuchubuliwa kidogo ubavuni kwa wembe au msasa ili maji yaingie.

Kwa aina nyingine: migunga mingi, chemsha maji, ipua, mimina juu ya mbegu na uache zilale humo hadi kesho, zilizovimba ndizo za kupanda. Mkongo, ondoa kile kikofia chekundu na uchubue upande wa pili. Mpingo hauhitaji chochote kama mbegu ni mpya, ila mjue mnawapandia wajukuu. Mkangazi upandwe ndani ya wiki chache baada ya kuokota, mbegu yake haiwekeki.

Udongo wa kiriba: ndoo tatu za udongo wa msituni, mbili za samadi iliyooza, moja ya mchanga. Kwa mkongo na miti ya miombo, huo wa msituni uchotwe chini ya mti wa aina hiyohiyo, kwa kuwa kuna ukungu wa mizizini ambao mche hauendi mbali bila huo. Wiki nne kabla ya kupanda, punguzeni kivuli na maji taratibu. Mche uliolelewa kivulini hadi siku ya mwisho huungua majani siku tatu tu baada ya kufika shambani.

Tumetenga msitu kwa maneno tu. Tunaogopa siku moja utagawiwa mtu. Tufanyeje uwe wetu kisheria?
*Mwenyekiti wa kitongoji, Liwale*

Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 inaruhusu kijiji kutangaza hifadhi ya msitu katika ardhi yake, kwa msingi wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Ni lazima kwanza mipaka ya kijiji iwe imepimwa na cheti cha ardhi ya kijiji kiwepo, kisha mpango wa matumizi bora ya ardhi uonyeshe eneo la msitu. Hapo ndipo mnachagua Kamati ya Maliasili, mnatembea mpaka mzima pamoja na wajumbe wa vijiji jirani, mnapaka rangi, mnapima miti iliyomo, na mnaandika mpango wa usimamizi na sheria ndogo. Vyote vinapita Halmashauri ya Kijiji, mkutano mkuu wa kijiji, kisha sheria ndogo zinakwenda Baraza la Madiwani. Baada ya kuusimamia kwa miaka mitatu mnaweza kuomba utangazwe kwenye Gazeti la Serikali.

Mambo huharibika hapa: muhtasari wa mkutano mkuu usio na orodha ya waliohudhuria na saini zao, mpaka uliotembewa na upande mmoja tu, na faini inayotozwa kabla sheria ndogo haijapitishwa, ambayo mahakamani haisimami. Wekeni nakala za kila karatasi sehemu mbili. Baada ya hapo, mapato ya msitu na faini ni ya kijiji, na kila shilingi iwe na stakabadhi, maana misitu mingi ya vijiji imekufa kwa ugomvi wa hesabu kuliko kwa shoka. Mkitaka mfano, vijiji 8 vya Duru-Haitemba, Babati, vilikataa msitu wao kuchukuliwa kuwa hifadhi ya serikali, vikakabidhiwa kuusimamia katikati ya miaka ya 1990.

Sisi tuko Pwani ya Kenya. Kaunti na makampuni huja kupanda mikoko, wapiga picha nao hawakosi, lakini mawimbi yanaibeba. Kwa nini?
*Mvuvi, Kilifi*

Kwa sababu hupandwa palipo wazi na rahisi kufikika, yaani kwenye mchanga na nyasi za bahari ambako mikoko haikuwahi kuwepo. Tazama mikoko mikubwa iliyo karibu inasimama usawa gani wa maji, upande usawa huohuo. Kama eneo lilikuwa na mikoko ikafa, uliza kwanza maji yalizibwa na nini: barabara, tuta la chumvi, mchanga uliosombwa. Ukifungua mkondo, mara nyingi mbegu zinakuja na maji zenyewe.

Kwa aina inayoitwa mkoko hasa, okota miche iliyokomaa juu ya mti, yenye shingo ya manjano na inayotoka kwa kuvutwa kidogo, isiyo na matundu ya wadudu. Ichomekwe theluthi moja kwenye tope, wima, mita 1 hadi 1.5 kati ya mmoja na mwingine. Mchu, aina nyingine ya mikoko, ni bora upite kitaluni, mbegu yake ni ndogo na huelea. Msipande mkoko mtupu kila mahali: mlilana hukaa mbele kuelekea bahari, mkandaa na mchu nyuma.

Misitu yote ya mikoko Kenya ni hifadhi tangu 1932, kwa hiyo hata kaunti inahitaji ruhusa ya Shirika la Huduma za Misitu (KFS). Jiungeni na chama cha jamii cha misitu cha eneo lenu, mkae kwenye meza moja na wapandaji kabla ya tarehe kutangazwa. Gazi, kaunti ya Kwale, wanakijiji wa Mikoko Pamoja wanalinda hekta 117 na wamekuwa wakiuza kaboni, yaani kulipwa kwa hewa ya ukaa ambayo msitu unaihifadhi, tangu 2013. Sehemu kubwa ya eneo hilo ni msitu uliokuwepo, wakaulinda.

Mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri unaweza kuanzisha kitalu?
*Kikundi cha wanawake, Babati*

Unaweza; hauna riba, na asilimia 4 imetengwa kwa wanawake. Ila angalieni kalenda: kitalu kinaanza Juni au Julai, fedha za mauzo zinaingia Desemba na Januari. Ombeni marejesho yaanze baada ya hapo. Na kabla hamjajaza kiriba hata kimoja, pateni barua ya mnunuzi, ikiwezekana halmashauri yenyewe, ikitaja aina za miti, idadi na tarehe ya kuchukua, maana mche usiochukuliwa kwa wakati unakunja mizizi na msimu unaofuata hautauzika.